Ua wa Mchicha

Tangu aambiwe ana kisukari, Mzee Kitwana alitembea kwa miguu kila jioni. Leo alirudi akitiririka jasho, akakuta sahani aliyoiomba haipo mkekani.

"Mama Rukia, sahani yangu iko wapi?"

"Imefunika mtungi," mkewe alijibu. "Sahani ya peke yake ni ya mgeni. Umekuwa mgeni lini humu ndani?"

"Daktari kanikataza wali. Tukila pamoja, mkono wangu hausikii."

Mkewe aliingia jikoni, akatoka na sinia lao la siku zote. Upande mmoja aliweka wali wa nazi, upande wa pili samaki wa kuchoma na matango. Katikati alipanga mchicha.

"Huo ni ua," alisema. "Usiuruke."

Mzee alicheka, akanawa. Walikula, mpaka punje chache za wali zikavuka mchicha zikaingia upande wake. Alizikusanya kwa ncha za vidole. Harufu ya nazi ikampanda puani. Mkewe akaacha kutafuna.

Taratibu, mzee akaunyoosha mkono juu ya ua, na Mama Rukia akafumbua kinywa kuzipokea punje zile.