Bakuli la Kaburini

Ramani ya kale ilikuwa ikijikunja, basi karani wa ardhi akaigandamiza kwa bakuli la Bi Somoe. Asubuhi ile Somoe alikuwa amelitoa juu ya kaburi la babu yake, liwe ushahidi kwamba kwao waliishi watu.

Karani akatandaza juu ya ramani hiyo ramani mpya ya karatasi angavu. Mto ukalalia mto, kilima kikalalia kilima.

"Unaona, mama? Mchoraji wa ile ya kale hakukosea."

"Na kwetu ameandika nini?"

"Pori tupu."

"Alikula kwa babu, mwanangu. Shibe yake hakuichora?"

Karani akamrudishia bakuli. "Trekta zimeshaanza kusawazisha huko kwenu, mama."

Somoe akasimama mlangoni, amelikumbatia. Kaburi lile halikuwa na alama nyingine.