Waya Juu ya Bomba

Tangu barabara zifungwe, kila nyumba huunda ndege yake sebuleni, na mkaguzi ni ukuta wenyewe. Atuganile alikuwa amepitisha waya wa umeme juu ya bomba la mafuta, kila kimoja na kibano chake.

"Mchoro unataka waya upite chini," ukuta ulisema. "Rekebisha, la sivyo mlango haufunguki."

"Bomba likivuja, mafuta yatadondokea wapi?"

Ukuta ukarudia maneno yale yale.

"Mama Subi, shusha tu," mumewe alinong'ona. "Majirani walishusha, wakapewa kibali."

"Na wako wapi?"

Mumewe akachungulia dirishani. Nguo za majirani zilikuwa bado kambani tangu Jumapili.

Komeo likajifunga. Atuganile akaweka bisibisi chini, akachukua nyundo.

"Basi ndege itapitia hapa," aliuambia ukuta.