Mshale Uliokosea Mlango

Mwaka mzima Mwanakheri aliwaapia wenzake kwamba majaribio ya kukagua programu ya zahanati ameyaandika mwenyewe, amri kwa amri, ili yarekebishike programu ikibadilika. Kumbe alijirekodi tu akibofya, kompyuta ikawa inamwigiza.

Siku kitufe cha kusajili wagonjwa kilipohamishwa, majaribio yote yakagoma. Mzee Lukindo, mkuu wao, akaomba aoneshwe moja. Ofisi nzima ikasogea.

Kwenye skrini mshale ukafungua ukurasa wa dawa, ukasita, ukarudi kinyumenyume kama mtu aliyekosea mlango.

"Na huku kupotea, binti yangu, nako uliandika?"

Mwanakheri akaficha mikono chini ya meza. Mbele ya macho yote, mshale uliendelea kubofya, kwa pupa ileile ya vidole vyake, pale palipokuwa na kitufe kabla hakijahamishwa.