Sala ya Chiriku

Chiriku, mwimbaji aliyevuma msitu mzima, hakupokea tuzo hata moja bila kuubusu msalaba wake wa dhahabu na kusema, "Kwanza kabisa namshukuru Mungu, pili mashabiki wangu!"

Siku moja Kanga alimfuata nyuma ya jukwaa, amebeba kifaranga chake kilicho hoi kwa homa. "Mwanangu Chiriku, wewe uko karibu na Mungu. Niombee mtoto huyu."

Chiriku akafumba macho. "Kwanza kabisa namshukuru Mungu, pili mashabiki..." Akakwama. Aibu ikamjaa. "Mama, huwa mnaanzaje?"

"Mwambie tu kinachokutisha."

Chiriku akanong'ona, "Mungu, naogopa hunijui."

Kanga akamsogezea kifaranga. "Umeshaanza, mwanangu. Sasa mtajie na huyu."