Usajili wa Nungunungu

Wanyama wa Bondeni walikuwa na timu, na timu ilikuwa na Ngiri, shabiki mwenye mdomo mrefu kuliko kumbukumbu. Dirisha la usajili lilipofunguliwa, hakulala wala hakumwacha mtu alale.

"Kakakuona aachwe!" alifoka kijiweni. "Beki gani huyu, akishtuka kidogo anajikunja? Tunataka mshambuliaji. Mleteni Nungunungu!"

"Na miiba yote ile?" aliuliza kocha, Korongo.

"Miiba ndiyo ukali wenyewe, kocha! Nani atamkaba?"

Korongo akachoshwa na kelele, akamsajili Nungunungu, ila Kakakuona hakumwacha. Siku ya mapokezi Ngiri alimbeba mgeni mabegani. Alichomwa mpaka masikioni, na bado aliimba.

Ikaja mechi ya mwisho: wasiposhinda, wanashuka daraja. Dakika za majeruhi, bado sare, wakapata kona. Nungunungu akaruka, akaupiga mpira kichwa. Paa! Mpira ukapasuka, na ngozi yake ikamwangukia Kakakuona, aliyekuwa amepanda kusaidia. Maskini akashtuka, akajikunja nayo tumboni, akabingirika mpaka wavuni. Mwamuzi Bundi, ambaye mchana haoni vizuri, akapuliza filimbi: goli!

Uwanja ukalipuka. Ngiri akamrukia Korongo shingoni, machozi yakimtoka, miiba ikiwa bado imemsimama mabegani.

"Unaona, kocha?" alisema. "Si nilikwambia toka mwanzo, Kakakuona huyu asiguswe?"