Funda la Mvinyo

Wageni walisubiri mezani. Kefa, muonjaji wa mvinyo wa hoteli, aliinua glasi mbele ya kitambaa cheupe, akaitazama rangi. Kisha akanusa.

"Zambarau zilizoiva," alisema. "Na ngozi ya kiatu kipya."

"Kwani tunakunywa viatu?" mwenye hoteli alicheka. "Onja basi, bwana. Wafaransa wameuficha miaka ishirini huu."

Kazi ya Kefa ilikuwa kuonja na kutema. Miaka miwili alikuwa hajameza hata tone, tangu siku mkewe alipomkuta amelala mtaroni. Rozina, mhudumu aliyesaidia kumbeba siku ile, alimsogezea ndoo kwa mguu.

Kefa alitia funda moja mdomoni, akalizungusha. Akafumba macho.

"Tema, kaka," Rozina alinong'ona.

Koo lake likapanda, likashuka. Ndivyo inavyoanza, wala si kwa debe, ni kwa funda moja tu.

"Unasemaje?" mwenye hoteli aliuliza.

"Mzuri. Ila sijaujua sawasawa." Kefa alinyoosha glasi. "Niongeze, dada."

Wageni wote walimgeukia Rozina. Alisimama na chupa, ameikumbatia kama mtoto wa watu.