Mashine Haimpendi Verlin

"Rudia," Verlin alisema. "Hiyo mashine yako imelewa."

Dotty Kessler, mwamuzi wa vipimo, aliinua bastola ya Verlin kwa mara nyingine, akailenga juu ya mashine ya kupimia mwendo wa risasi, akafyatua. Risasi ikazama kwenye tuta la mchanga. Tarakimu zikawaka kwenye kioo, chini ya kiwango kama zile zilizotangulia.

"Mwendo hautoshi, bwana Verlin."

"Badilisha betri."

"Nimeshabadilisha."

"Basi ni hii baridi."

"Baridi imewapiga wote, na wote wamepita."

Damu ilimpanda Verlin kichwani. Miaka nenda rudi, mashindano ya shabaha ya Dakota Kusini yalikuwa mali ya Hollis Brandt, na kazi ya Verlin ilikuwa kumpigia makofi. Leo, mwenyewe akiwa na miaka sitini na saba, alikuwa amemwacha Hollis mbali kabisa. Kilichobaki kilikuwa kipimo hiki tu, halafu safari ya fainali za taifa. Mashindano madogo ya mitaani hakuna anayejisumbua kupima, lakini ya jimbo ni lazima, na anayeshindwa kipimo hufutiwa alama zake zote za siku.

"Sisemi umefanya makusudi," Dotty alisema kwa sauti ya chini. "Lakini unajua kwa nini tunapima. Mtu akipunguza baruti, bastola hairuki mkononi. Anapiga shabaha raha mstarehe."

"Mimi? Nipunguze baruti mimi?" Alijipiga kifua. "Risasi zangu najaza mwenyewe, gereji kwangu! Kipimo cha baruti kwenye mashine yangu ya kujazia nilikiweka enzi za marehemu baba yako, na hakuna mkono uliokigusa ila wangu!"

Watu walianza kusogea. Hollis naye akaja, mikono mfukoni, akitafuna mbegu za alizeti.

"Dotty, huyu hawezi kuiba hata peremende," alisema. "Labda risasi zake nazo zimezeeka kama yeye."

Wakacheka. Verlin hakucheka. Angetukanwa matusi ya nguoni angevumilia, lakini kuonewa huruma na Hollis kulimchoma.

Ilibaki risasi moja. Dotty akaifyatua polepole, kama anayemwombea mtu. Kioo kikawaka. Hata yeye alishusha pumzi kabla ya kulikata jina la Verlin.

Marlys, mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote na chupa ya kahawa mapajani, aliinuka akaliwahi begi la bastola.

"Nipe nibebe mimi."

"Acha! Kiwiko kimepona, mwanamke. Ile dawa yako ya kuchulia farasi imekitibu kabisa." Akalinyakua begi, akalirusha nyuma ya gari kwa hasira.

Walitoka uwanjani bila kumuaga mtu. Barabara ilikuwa nyeupe na nyoofu kati ya mashamba ya mahindi, na Verlin alisema njia nzima. Mashine ni mbovu. Dotty ni kipofu. Atawaandikia wakubwa wa chama, na wasipojibu atawafuata hukohuko ofisini kwao. Kila alichokisema kilimwongezea uchungu badala ya kuupunguza. Kwa mara ya kwanza maishani ameshika nafasi ya kwanza ya jimbo, na watu watamkumbuka kama mdanganyifu!

"Kesho kanisani," alisema, akipiga usukani, "nitasimama mbele ya watu wote, nishike Biblia, niape kwamba kipimo cha baruti yangu hakijaguswa."

"Usiape, Verlin."

"Kwa nini nisiape? Na wewe unaniona mwizi?"

Marlys aliukaza mfuniko wa chupa ya kahawa, ingawa ulikuwa umekazwa tayari.

"Ulikuwa unaugulia kile kiwiko usiku kucha, ukidhani nimelala. Dawa ya farasi haikusaidia kitu. Kipimo cha baruti nilikipunguza mimi, wakati wa Pasaka."

Kabla ya Pasaka, Verlin hakuwa amewahi kumshinda Hollis hata mara moja.